Chenye thamani kwenye boksi lako ndicho kinachokufa kwanza

“Chini ya kitanda changu kuna maboksi mawili. Mna sidii za kusakinishia Windows 98, XP na Office 2003, diski za draiva za printa tatu (mbili zilikwisha kufa), flopi kama 40, sidii za picha za familia nilizochoma mwenyewe kati ya 2003 na 2009, nyaya za kila namna, chaja nisizojua ni za nini, modemu ya simu, na diski kuu niliyoing'oa kwenye kompyuta yangu ya kwanza. Binti yangu anasema nitupe vyote. Mimi nasita. Programu hizo nilizilipia, na kompyuta mpakato ninayotumia sasa haina hata mahali pa kuingiza sidii: siku ikianguka nitairudishaje? Tena kwenye flopi kuna mitihani niliyotunga na mswada wa hadithi nilioupiga chapa kwa WordPerfect. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimezoea kwamba kitu unachokitupa leo ndicho utakachokitafuta kesho. Nibaki na nini, na vingine nivipeleke wapi?”

Shikamoo, Mwalimu.

Swali lako lina maswali mawili yaliyofungwa kwa kamba moja. La kwanza ni la kompyuta ya leo: ikianguka, je, zile sidii zitaiokoa? La pili umeligusa tu kwa kupita: mitihani, mswada na picha. Wewe umeshikwa na hofu ya la kwanza, na binti yako hata hilo la pili hajaliona. Kwa macho yangu, sidii ulizonunua dukani zinaweza kuendelea kusomeka kwa miongo mingi, ila hazina tena cha kukufanyia. Flopi zako na sidii ulizochoma mwenyewe, ambazo huenda hazina nakala nyingine popote, zinafifia humo humo boksini bila kelele. Umeviweka vyote pamoja, na kwa hivyo vinaonekana sawa. Havifanani hata kidogo.

Kuhifadhi diski za kusakinishia hakukuwa ujinga. Enzi za hiyo modemu uliyonayo, kupakua sidii moja iliyojaa, MB 650, kwa kasi ya kilobiti 56 kwa sekunde kungekula zaidi ya siku nzima, na hapo ni kama hakuna mtu nyumbani aliyeinua simu katikati. Diski ndiyo ilikuwa programu. Ukiipoteza, umebaki mikono mitupu. Hofu yako uliipata kihalali. Ni mambo yaliyobadilika yakaiacha nyuma.

Kompyuta yako ya sasa, kama inatumia Windows 10 au 11, haihitaji diski wala kibandiko chenye namba. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, watengenezaji wengi huiandika namba ya leseni ndani ya chipu iliyo kwenye ubao mama. Windows 10 na 11 zikaongeza jingine: seva za Microsoft huitambua mashine yenyewe. Ukisakinisha upya toleo lile lile kwenye mashine ile ile, itajithibitisha pindi ikipata intaneti. Siku ya maafa utahitaji flashi ya GB 8 au zaidi, na programu ya bure ya Microsoft inayoigeuza flashi hiyo kuwa ya kusakinishia. Unaweza kuipakua kwa kompyuta yoyote ya Windows, hata ya jirani. Wala usiitengeneze leo ukaitumbukiza boksini. Windows hutolewa upya mara kwa mara, na flashi ya leo itakuwa na mambo ya kale siku utakapoihitaji.

Kuna kitu hukukitaja ambacho ndicho ningekiweka mahali pa sidii ya XP. Kompyuta mpakato nyingi za siku hizi zenye Windows huja diski zake zikiwa zimefungwa kwa usimbaji wa BitLocker, kufuli ya Microsoft inayoyafanya yaliyomo yasisomeke bila ufunguo, mara nyingi mwenyewe hana habari. Baada ya hitilafu fulani au matengenezo, mashine inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Usipokuwa nao, faili zako hazifunguki, fundi awe hodari namna gani. Kwa kawaida ufunguo huo huhifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Ingia uutafute, uuchapishe kwenye karatasi, na karatasi uiweke pamoja na vyeti vyako. Fanya hivyo wiki hii.

Sasa zile za 98 na XP. Microsoft iliacha kuitolea XP viraka vya usalama tarehe 8 Aprili 2014, na Office 2003 iliachwa siku hiyo hiyo. Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipokuwa kikijisambaza chenyewe kutoka mashine hadi mashine kupitia mfumo wa kugawana faili mtandaoni, Microsoft ililazimika kuitolea XP kiraka cha dharura, miaka mitatu baada ya kuizika. Si huruma ya kutegemea. Isitoshe, XP haitakubali kuingia kwenye mashine yako. Hata Windows 7, iliyokuja miaka mingi baadaye, diski yake haina draiva (programu ndogo zinazouwezesha mfumo kutumia vifaa) za USB 3.0, kwa hiyo kwenye mashine nyingi zilizotoka kuanzia 2015 unafika ukurasa wa kwanza wa usakinishaji, kibodi na kipanya vinanyamaza kimya. Nimewahi kuletewa kibodi nzima kabisa ikidaiwa imekufa, kumbe ni hilo tu.

“Nilizilipia” ni hoja ninayoiheshimu. Ila ulicholipia ni haki ya kutumia, na haki hiyo ilikuwa na mipaka yake. Kama XP ilikuja ndani ya kompyuta, leseni ilifungwa na kompyuta ile. Mashine ikifa, nayo imekwenda. Kama uliinunua peke yake ikiwa na boksi lake, uliruhusiwa kuihamisha, mashine moja kwa wakati mmoja. Hata hivyo haki inaweza kukosa pa kutumika. Programu nyingi za miaka ya 2000 zilitaka kuthibitishwa na seva ya mtengenezaji, na seva huzimwa. Adobe ilipozima zile za Creative Suite 2, mkusanyo wake wa programu za picha na usanifu, wenye diski halali walikwama mpaka wakapewa toleo jingine lisilohitaji uthibitisho. Michezo iliyolindwa kwa SafeDisc, kinga ya kuzuia diski isinakiliwe, iligoma kwenye Windows 10 tangu 2015, kwa kuwa Microsoft iliiondoa draiva ya ulinzi huo kwa sababu za usalama. Na programu kadhaa za miaka ya 1990 zina kisakinishi cha biti 16, muundo wa kizazi cha kale, ambacho Windows ya biti 64 haikiendeshi abadani, hata pale ambapo programu yenyewe ingeweza kufanya kazi.

Je, iko diski ya kusakinishia ambayo ningekukataza kuitupa? Iko. Ni ile ya programu isiyo na mrithi, ambayo ndiyo pekee inayoweza kufungua kazi zako mwenyewe: programu ya hesabu ya zamani, ya kuchora ramani, ya kuandika muziki, au ya kuendeshea mashine fulani ya kiwandani. Hiyo itunze pamoja na namba yake ya leseni, maana diski bila namba mara nyingi ni kioo cha kujitazamia. Na ukikuta boksini kidude kidogo cha plastiki chenye plagi pande zote mbili, kinachochomekwa kwenye tundu la printa la pini 25, usikitupe kabla hujajua kilikuwa cha programu gani. Vidude hivyo vilikuwa kufuli. Programu ilivitafuta kila ilipofunguliwa, na bila hicho haisogei. Kwa jinsi ulivyoeleza, sidhani unacho.

Diski ya namna hiyo usiiache ikabaki diski tu. Itengenezee faili la ISO, yaani picha kamili ya diski nzima ndani ya faili moja. Windows 8 na zote zilizofuata hulifungua faili hilo kwa kubofya mara mbili, kana kwamba umeingiza sidii. Namba ya leseni ipige picha uiweke kando ya faili hilo. Programu ikikataa Windows mpya, inawezekana kusakinisha XP ndani ya kompyuta ya kufikirika, yaani inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta yako, kwa programu ya bure kama VirtualBox, ukaikatia intaneti kabisa, na mle ndani ukaendesha programu yako ya kale bila kumdhuru mtu. Hapo tu ndipo sidii yako ya XP ingepata kazi ya heshima.

Diski za draiva nitazimaliza haraka. Za printa zilizokufa ziende leo. Ya printa iliyo hai karibu haina faida. Programu ya kawaida inaweza kuendelea kukubalika hata mfumo endeshi ukibadilika, lakini draiva huingia ndani kabisa ya mfumo, kwa hiyo lazima ilingane nao: ya XP ya biti 32 haiingii kwenye Windows ya biti 64. Tafuta mpya kwenye tovuti ya mtengenezaji. Na kwa mwenye skana nzuri ya zamani aliyeambiwa “haitumiki tena”, asiitupe kabla hajajaribu VueScan, programu ya kulipia inayozifahamu maelfu ya skana za kale, au kompyuta yenye Linux, mfumo endeshi wa bure, ambayo mara nyingi huzitambua bila diski yoyote.

Basi tufike kwenye kilichonifanya nikuandikie kwa urefu.

Flopi ni kipande cha plastiki laini kilichopakwa unga wa sumaku kwa gundi. Maandishi yako yamo humo kama vijisumaku vidogo vidogo vilivyoelekea huku au kule. Sumaku hizo hudhoofika, gundi huzeeka, na penye unyevu huota ukungu. Sony, waliokuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa mwisho, waliacha kuzitengeneza mwaka 2011, kwa hiyo hata flopi changa kabisa duniani si changa tena. Za mswada wako bila shaka ni nzee zaidi. Sitaki kukutisha, nimeona flopi za zamani zikisomeka bila kosa hata moja, na nimeona mpya kuliko hizo zikigoma. Huwezi kujua kwa kuitazama. Kwa sababu hiyo hizi zitangulie kabla ya kingine chochote.

Utahitaji kisomeo cha flopi cha nje kinachochomekwa kwa USB. Karibu vyote husoma flopi za inchi 3.5 tu, zile ngumu zenye mlango mdogo wa chuma. Kama unazo zile kubwa zinazopindika, za inchi 5.25, hizo zinahitaji mtu mwenye vifaa maalumu. Kabla ya kuingiza flopi, geuza kile kidirisha chake cha pembeni mpaka tundu libaki wazi. Likiwa wazi, kompyuta haiwezi kuandika wala kufuta chochote. Tundu la upande wa pili halina kidirisha, hilo liache. Kisha telezesha mlango wa chuma uangalie utando wa ndani. Ukiona madoa meupe au kijivu kama vumbi lililoganda, usiiingize, kwa sababu ukungu huo utakipaka kichwa cha kisomeo, nacho kitaikwangua kila flopi itakayofuata.

Sasa jambo ambalo ningetamani kuliandika kwa herufi za kimo cha ubao wa darasani. Windows ikishindwa kuielewa flopi, itakuuliza kama unataka kuifomati. Jibu ni hapana. Kila mara ni hapana. Ule ujumbe hauna maana kwamba flopi ni tupu. Maana yake ni kwamba kompyuta haikuweza kuisoma, na ukikubali itaifuta. Kile kidirisha ulichokigeuza kitakulinda, lakini kidole chenye nidhamu kinalinda zaidi.

Flopi ikigoma, ipumzishe ujaribu kisomeo kingine. Vichwa vya visomeo havikupangwa sawasawa kabisa, na flopi iliyoandikwa na kisomeo kilichokaa upande kidogo husomwa vizuri na chenye kasoro ileile. Ukiwa bado na kompyuta iliyoiandika, hiyo ndiyo ya kwanza kujaribu. Kama ziliandikwa kwenye Macintosh za zamani kwa ukubwa wa KB 400 au 800, kisomeo cha USB hakitaziona kabisa hata zikiwa nzima, kwa kuwa mashine zile zilibadilisha mwendo wa kuzungusha diski. Kila inayosomeka inakili yote kama ilivyo kwenye folda yake, uipe folda jina lile lile ulilopiga kwenye kibandiko. Usianze kupanga na kufuta sasa. Flopi zote 40, hata zingekuwa zimejaa pomoni za MB 1.44, hazifiki MB 60. Ni pungufu ya sehemu ya kumi ya sidii moja. Hakuna sababu ya kubana nafasi.

Mafaili ya WordPerfect yatakusumbua kidogo na hayatakushinda. LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, huyafungua, pamoja na ya Microsoft Works na Lotus 1-2-3. Word ya sasa yenyewe huzuia baadhi ya mafaili yaliyoandikwa kwa Word za zamani sana, na watu hudhani faili limeharibika. Ijaribu hiyo LibreOffice kabla ya kulia. Ukilifungua, lihifadhi upya kwa muundo wa leo na utengeneze nakala ya PDF, ila lile la asili usilifute. Mpangilio wa kurasa unaweza kuyumba. Maneno yako yatakuwepo, na mswada ni maneno.

Zifuatie sidii za picha. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu kwa macho sidii ni sidii. Ile ya kiwandani imegongwa muhuri: vishimo vimefinyangwa kwenye plastiki yenyewe, vikapakwa alumini juu yake. Uliyochoma nyumbani haina vishimo. Ina tabaka la rangi ya kikemikali, na mwanga wa leza uliiunguza rangi hiyo kwa alama. Ndiyo maana ukiigeuza inaonekana kijani, bluu au dhahabu hafifu, wakati ya kiwandani ni fedha tupu. Rangi hiyo hufifia kwa joto, jua na umri kama shati lililoanikwa kila siku. Tena wengi huogopa mikwaruzo ya upande unaong'aa, ilhali kwenye sidii upande wa hatari ni ule wa juu wenye maandishi: data imekaa chini tu ya varnishi nyembamba, na mkwaruzo wa hapo unaondoa data yenyewe. Mikwaruzo ya chini ni ya plastiki, mara nyingi husafishika. Dividii ni afadhali kidogo kwa hilo, kwa sababu tabaka lake limebanwa katikati ya plastiki mbili.

Kisomeo cha nje cha dividii husoma zote mbili. Futa sidii kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, moja kwa moja, si kwa kuzungusha, kwa kuwa mkwaruzo unaofuata mzunguko huharibu data mfululizo. Kama uliibandikia karatasi, usiibandue, utaondoka na picha. Ikikwama katikati ya kunakili, nakili kwanza zile faili zinazokubali, kisha rudi kwa zile ngumu. Kuna programu ya bure ya Linux iitwayo ddrescue iliyotungwa kwa kazi hiyo hasa: huchukua kinachosomeka kirahisi kwanza, halafu hurudi taratibu kwenye sehemu mbovu. Kijana yeyote anayejua Linux atakuonyesha.

Ile diski kuu iache ya mwisho, nayo uishughulikie kwa adabu. Itazame plagi yake: yenye safu mbili za pini, 40 kwa jumla, ni ya aina ya IDE, yenye ulimi mwembamba wa plastiki ni SATA, iliyoanza kuingia sokoni 2003. Zipo adapta za kuziunganisha zote mbili na USB. Ya kompyuta ya mezani inahitaji adapta yenye umeme wake, kwa sababu inataka volti 12 na tundu la USB la kawaida hutoa volti 5. Iwashe ikiwa imelala mezani imetulia. Ikizunguka na kuonekana, nakili mara moja. Ikitoa mlio wa tak-tak-tak, zima papo hapo. Huo mara nyingi ni mlio wa kichwa kinachotafuta njia na kukosa, na kila dakika ya kuilazimisha inaweza kuwa inakwangua kilichobaki. Usiiweke kwenye friji, hata kama umeshauriwa. Unyevu unaoganda ndani ni msiba wa pili. Kama humo mna kitu usichoweza kukikosa, hapo acha kujaribu uitafute maabara ya kuokoa data, wenye chumba kisicho na vumbi. Ni ghali, na mtu mwaminifu atakuambia mapema kama inafaa au haifai.

Diski hiyo hiyo ina upande mwingine. Ulikuwa mwalimu, yaelekea mna majina na alama za wanafunzi. Kufuta faili, na hata kuifomati diski kwa njia ya haraka, huondoa tu orodha ya yaliyomo, mithili ya kung'oa ukurasa wa yaliyomo huku sura zote zikibaki kitabuni. Ukishanakili unachotaka, iandikwe upya yote kwa programu ya kufutia, au kama imekufa, sahani zake zitobolewe. Flopi na sidii zenye majina zikatwe vipande, ukiwa umevaa miwani ya kukinga macho kwa zile sidii, maana hupasuka na kuruka.

Mpaka hapo una folda moja kwenye kompyuta moja, na hiyo bado ni flopi kwa jina jingine. Desturi ya watunza kumbukumbu ni nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Kwako inaweza kuwa kompyuta, diski ya nje, na nakala kwenye hifadhi ya mtandaoni au kwa binti yako. Zifungue mara moja kwa mwaka uone kama zinasomeka.

Nyaya, sasa. Hapa nipo upande wa binti yako kwa sehemu kubwa. Nyaya za umeme za plagi ya pini tatu, zile nene za monita na kompyuta ya mezani, zinatumika mpaka leo: bakiza mbili. Waya wa USB wa printa wenye kichwa cha mraba, bakiza mmoja. VGA, ile ya bluu yenye pini 15, ilianza 1987 na bado kuna projekta za madarasani zinazoidai, jambo ambalo wewe huhitaji kuambiwa; bakiza mmoja. Ukiwa na kamera ya video ya kanda, shikilia waya wake wa FireWire kama mboni ya jicho mpaka kanda zote zinakiliwe. Zile bapa pana kama utepe, zile za printa za pini 25, na kipanya cha plagi ya duara, ziende. Vijiti vya kumbukumbu (RAM), kama vimo, navyo viende. Vizazi vyake, DDR2, DDR3 na DDR4, vina pengo mahali tofauti makusudi visiingiliane.

Chaja zisizojulikana ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko vyote boksini, kwa sababu plagi za duara hufanana na umeme wake haufanani. Kabla ya kuchomeka yoyote, soma kibandiko: volti lazima ziwe sawa na za kifaa, ampea ziwe sawa au zaidi, na ule mchoro mdogo wa duara wenye alama za kujumlisha na kutoa ufanane. Kibandiko kikiwa kimefutika, chaja hiyo haina tena maelezo yake, na kuijaribu ni kucheza kamari na kompyuta. Iende. Zinazobaki zifunge utepe ulioandikwa ni za nini.

Ukikuta betri ya kompyuta mpakato imevimba, usiibonyeze, usiitoboe, usiichaji, wala usiitupe na takataka za nyumbani. Iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, uipeleke mwenyewe kwa wanaopokea betri. Na kama kwenye kona kuna monita ya zamani yenye mgongo mkubwa, usimruhusu mtu asiye fundi kuifungua. Hushika umeme wa volti nyingi hata baada ya kuchomolewa, na kioo chake kina risasi.

Vitakavyoondoka vipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki, au kwa fundi anayechambua vipuri. Kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Ombi langu moja: asije mtu akachoma nyaya kupata shaba. Plastiki yake ikiungua hutoa dioksini, sumu inayokaa mwilini kwa miaka.

Hii kazi ni ya watu wawili. Binti yako akae kwenye kompyuta, wewe uwe unamsomea vibandiko, kwa kuwa ni wewe tu unayejua “K. cha Tatu Muhula 2” ilikuwa mitihani ya mwaka gani. Anzeni na flopi ya mswada. Ikigoma kwenye visomeo viwili, isimamisheni hapo, irudisheni kwenye bahasha yake, na mniandikie mlichokiona kwenye skrini neno kwa neno kabla ya kujaribu cha tatu.